Bibi Alivyochagua Mtaa kwa Miguu

Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, bibi yangu alikwenda kununua mkate. Wengine huanza habari zao kwa wafalme na vita. Mimi naanza na mkate, kwa sababu ndio uliotusumbua.

Bibi alikwenda peke yake. Alishuka ngazi za jengo letu, akakata kona, akavuka barabara, akaingia dukani. Alihesabu hatua. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Alihesabu kwa sababu macho yake yalikuwa yanamwacha.

Bibi alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza vizuri. Ugonjwa huu hula kuona kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Mtu hubaki akiona mbele tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Kilichopotea hakirudi, lakini matone ya dawa hulinda kile kilichobaki. Bibi alitia matone yake asubuhi na jioni, na hakuruka hata siku moja. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu. Kwa miaka thelathini na moja aliunganisha watu wasioonana, na namba zao zote alikuwa nazo kichwani. Hatua mia mbili na kumi na nne kwake zilikuwa mchezo.

Kisha ikaja barua. Jengo letu lingebomolewa ili barabara ipanuliwe. Tulipewa siku arobaini za kuhama. Mimi nilikuwa nimerudi likizo ndefu kutoka shule ya bweni, na ratiba yangu ilikuwa kulala. Barabara ikanipangia ratiba nyingine.

Jioni ile tulikaa mezani wote wanne. Baba ni fundi rangi. Alikuwa ameloweka brashi zake katika kopo, na kucha zake zilikuwa za kijani kutokana na kazi ya siku ile. Mama anafanya kazi katika kiwanda cha barafu bandarini. Alikuwa amejifunika shuka, maana baridi ya kiwandani humfuata mpaka nyumbani.

"Mimi nataka mtaa wenye basi la alfajiri," Mama alisema. "Barafu haisubiri mtu."

"Mimi nataka mahali penye hewa na mandhari," alisema Baba. "Tumekaa miaka tisa tukiangalia ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe umepakwa vibaya."

"Na wewe, Bibi?" niliuliza.

Bibi aliweka kikombe chini polepole, akitafuta meza kwa kidole kwanza.

"Mimi nataka mahali nitakapokwenda kununua mkate mwenyewe."

"Mama, tutakununulia mkate," alisema Baba. "Tutakuletea mpaka kitandani."

"Mkate wa kuletewa kitandani ni wa mgonjwa. Mimi siumwi miguu." Bibi akamgeukia Baba, ili amwone ndani ya lile bomba lake. "Sikiliza, mwanangu. Daktari amesema bado nina muda kidogo wa kuona. Muda huo nataka kuutumia kujifunza mtaa mpya. Nikihamia mahali pabaya sasa, sitapata macho mengine ya kujifunzia mahali pengine baadaye. Nitakaa ndani kama kabati."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye nilishawahi kucheka kwenye mstari wa gwaride, nilimsogezea Bibi kikombe chake.

Siku ya pili Baba alirudi akiwa anang'aa.

"Nimepata!" alisema akiwa bado mlangoni. "Mtaa wa ufukweni. Nyumba ya chini, ina baraza. Ukikaa barazani unaiona bahari yote. Yote!"

"Unaiona nani?" aliuliza Bibi.

Baba hakusikia. Mtu aliyependa nyumba hasikii.

Jumapili asubuhi tulikwenda kuiona. Dalali alitupokea. Alikuwa kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, na alitembea akizitikisa ili tujue kwamba nyumba za mji mzima zimo pale.

"Karibuni, wazee wangu. Hapa mnalala bila feni. Upepo wa bahari, mzee, upepo wenyewe kabisa!"

Bahari ilikuwa mbali, imetulia kama maji ya beseni. Jua lilikuwa zuri. Baraza lilikuwa zuri. Baba alipita chumba hadi chumba kwa mwendo wa mgeni rasmi. Kisha akasimama mbele ya ukuta wa sebule.

Ukuta ule ulikuwa na rangi mbili. Kuanzia sakafuni mpaka kiunoni ulikuwa wa buluu, mpya kabisa. Kuanzia kiunoni kwenda juu ulikuwa mweupe wa zamani. Baba alipitisha kiganja juu ya ile buluu kama anayempapasa farasi.

"Tazameni mstari huu," alisema. "Umenyooka bila kutetemeka. Aliyepaka hapa ni fundi. Rangi imerudiwa mikono miwili, labda mitatu. Mwenye nyumba anayepaka hivi ni mtu anayejali."

"Umesema kweli, mzee," alisema dalali haraka. "Tena fanya upesi. Kuna mtu mwingine anaitaka. Jumatano nitampa yeye."

Baba akasema atasaini Jumatano asubuhi.

Jumatatu jioni, wote tukiwa nyumbani, alikuja msoma mita wa maji kwenye jengo letu. Watoto wa mtaani walimwita Mama Ndoano, kwa sababu ya chuma chake chenye ncha iliyopinda. Alikitumia kuinua vifuniko vya mita. Alivaa buti za mpira, hata siku za jua kali. Katika miaka kumi na minane alikuwa ametembea kila mtaa wa mji ule, kila kona, akiinama kwenye kila shimo la mita. Nadhani mameya wangepaswa kuanzia kazi hiyo.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni mara yako ya mwisho kutusoma. Tunahamia ufukweni."

Mama Ndoano aliacha kuandika.

"Mlikwenda kuiona siku gani?"

"Jana," alisema Baba kwa fahari.

"Jana mwezi ulikuwa nusu."

"Sikuuangalia mwezi, dada yangu. Niliangalia nyumba."

"Ndiyo maana nakuuliza. Mwezi ukiwa nusu, bahari haipandi sana. Mabaharia huita maji mafu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, bahari hupanda mpaka mwisho wake. Hayo ndiyo bamvu. Nyumba ya ufukweni usiikague wakati wa maji mafu. Ni kama kumchumbia mtu akiwa usingizini. Hujajua hasira zake."

Mama alicheka mpaka shuka likamwanguka.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

"Nendeni tena Jumatatu ijayo, saa kumi jioni. Mwezi utakuwa mpevu. Mimi nitakuwa na kazi mtaa huohuo. Na mkifika, msimuulize dalali. Dalali anaijua nyumba ikiwa tupu. Waulizeni wanaokaa hapo. Na swali la mwisho," aliongeza, "ni nani kati yenu atakayekaa humo kutwa nzima?"

Sote tukamwangalia Bibi.

"Basi huyo ndiye mkaguzi mkuu," alisema Mama Ndoano. "Sio mwenye kupenda mandhari."

Baba alinung'unika kwamba nyumba itachukuliwa. Bibi akasema, "Ikichukuliwa, imechukuliwa. Haraka ya dalali si haraka yako." Baba ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini mbele ya mama yake hana hoja. Hakusaini Jumatano. Na yule mtu mwingine aliyeitaka sana nyumba, ajabu, hakutokea.

Jumatatu saa kumi tulifika tena ufukweni. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Mbingu ilikuwa safi. Lakini maji yalikuwa barabarani.

Hayakutoka juu. Yalitoka chini. Yalibubujika kupitia matundu ya vifuniko vya mtaro, taratibu, bila aibu, kama wageni wanaoijua njia. Bahari ilikuwa imejaa, na mtaro uliopaswa kupeleka maji baharini ulikuwa unayarudisha mtaani. Tulivua viatu. Maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Vifuniko vingine viwili vilikuwa havipo kabisa, na mashimo yake yalijificha chini ya maji.

Nilimshika Bibi mkono. Hakukataa. Ndipo nilipojua kwamba ameogopa.

Mama Ndoano alikuwa mbele ya nyumba yenyewe. Aliingiza ndoano yake, akainua kifuniko cha mita. Ndani kulijaa maji. Alichovya kidole, akakinyoosha kwa Baba.

"Onja."

"Sitaki kuonja maji ya mtaro!"

"Basi niamini. Ni ya chumvi. Mita hii nimeibadilisha mara tatu kwa kutu. Sasa, fundi, nikuulize jambo la kazi yako. Kwa nini mtu apake rangi mpya mpaka kiunoni tu, juu aache ya zamani?"

Dalali alikuwa ameshafika, akirukaruka kutoka jiwe hadi jiwe ili asilowe. Baba hakumwangalia. Aliingia sebuleni, akatoa mfukoni kisu chake kidogo cha kukwangulia, akakwangua ile buluu karibu na sakafu. Ilitoka kama ganda la yai. Chini yake plasta ilikuwa laini, na juu ya plasta kulikuwa na unga mweupe.

"Chumvi," alisema Baba kwa sauti ndogo.

Miaka ishirini alikuwa ameficha madoa ya watu kwa rangi. Alijua kazi ile kuliko mtu yeyote pale. Na bado alisimama mbele ya doa lililofichwa akalisifu kwa sababu lilifichwa vizuri. Alikunja uso kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe.

"Mzee wangu, maji haya ni ya leo tu," alisema dalali.

Dirisha la jirani lilifunguka. Mwanamke mmoja alichungulia, ufagio mkononi.

"Ya leo tu?" alisema. "Mwezi uliopita uliniambia hivyohivyo! Na mwezi wa kabla yake! Hebu ingia hapa unisaidie kufagia hiyo leo yako!"

Dalali alikumbuka kwamba ana miadi.

Tulipokuwa tunatoka, Baba alinyoosha kidole kilimani.

"Basi tupande kule juu. Bahari haiwezi kufika kule."

"Kweli, maji ya bahari hayafiki," alisema Mama Ndoano. "Na ya bomba hayafiki vilevile. Mchana yanakosa nguvu ya kupanda. Watu huteka alfajiri."

Tulikwenda hivyohivyo, siku ya pili. Hewa ilikuwa nzuri sana. Ngazi zilikuwa tisini na sita, hazikuwa na kishikio, na kila moja ilikuwa na urefu wake. Bibi alipanda zote, akizihesabu kwa fimbo. Juu alikaa akapumua.

"Mkate unauzwa wapi?" aliuliza.

"Chini," alisema mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo.

"Asante, mwanangu. Nimekwisha kuelewa."

Siku zilikuwa zimebaki ishirini na tano. Jioni ile Mama Ndoano alipita tena, akiwa amemaliza kazi, akanywa chai kwetu na buti zake nje ya mlango.

"Kuna mtaa nyuma ya magodauni ya mbao, na humo kuna nyumba ya kupanga," alisema. "Hamtaupenda kwa macho."

Baba alipouona alishika kichwa. Kuta hazikuwa zimeonja rangi tangu yeye azaliwe. Mabati yalikuwa na viraka. Palikuwa na maseremala, kinyozi, duka la kuoka mikate, shule ya msingi, na zahanati yenye benchi refu mlangoni. Mashine ya kuranda mbao ililia bila kupumua.

"Mama Ndoano, kweli hapa?" alisema Baba. "Hapa panaumiza macho."

"Panaumiza macho ya nani?" aliuliza Bibi. Alikuwa amesimama katikati ya njia, ameinua uso, pua ikinusa. "Huku ni mikate. Kushoto. Pale ni seremala, nasikia randa. Na watoto wale wanasoma kwa sauti, kwa hiyo shule iko nyuma yangu. Nyamazeni kidogo, mnanivurugia ramani."

Ndipo nilipopata wazo. Walimu wangu wanayajua mawazo yangu, na huyaandika kwenye daftari maalumu. Nilimwomba Mama mtandio wake.

"Baba," nilisema kwa taadhima, "mkaguzi mkuu hawezi kukagua peke yake. Naomba ukubali kufungwa macho, uende mpaka kwenye mikate na kurudi."

"Wewe mtoto, shule inakufundisha nini?"

"Mfunge, mke mwenzangu!" alisema Bibi. Huniita hivyo akifurahi. "Mfunge vizuri, asichungulie!"

Nilipiga fundo la bwenini, lile tunalotumia kufunga shuka la mtu anayekoroma. Halifunguki kwa hasira. Bibi akampa fimbo yake. Maseremala walizima mashine waone.

"Msizime!" alipiga kelele Baba. "Nitajuaje niko wapi?"

Waliwasha tena, wakicheka. Baba alianza kwenda. Alipapasa ukuta kwa mkono wa kushoto. Njia ilikuwa na ukingo ulioinuka, na mtaro ulikuwa umefunikwa kwa mawe mapana, yote yapo. Fimbo yake haikuzama popote. Mashine ya kuranda ilipobaki nyuma, alisimama. Akanusa.

"Kaka, nyoosha!" kinyozi alimwambia. "Umebakiza mlango mmoja!"

"Usimwambie!" alisema Bibi.

"Shangazi, nimemhurumia tu. Anatembea kama kaa!"

Baba alifika. Mkono wake uligusa meza ya mwoka mikate, na unga ukamjaa kifuani. Watu walipiga makofi. Nilijiandaa kucheka kuliko wote. Lakini Baba hakucheka. Alisimama pale na mtandio usoni, akipapasa ukingo wa meza. Nilipoufungua, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mama," alisema, "hivi ndivyo unavyotembea kila siku?"

"Siku hizi, ndiyo."

"Na hukuwahi kusema."

"Ningesema nini? Mkate nilikuwa naupata."

Baba alimwangalia mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mimi pia. Nilikuwa nimemzoea Bibi kama mtu anavyozoea saa ya ukutani, bila kufikiria kazi inayofanyika ndani.

Hatukusaini siku ile. Tulikuwa tumejifunza. Tulirudi mara tatu: asubuhi, adhuhuri, na jioni siku ya mvua. Mama alikuja alfajiri kulijaribu basi, akalipata. Tulifungua bomba kila saa tuliyofika. Baba alikwangua kuta zote mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama anatafuta dhahabu. Plasta ilikuwa chafu, lakini kavu na ngumu. Tuliwauliza majirani kuhusu maji, takataka na kelele. Seremala mkubwa alituambia ukweli.

"Vumbi lipo, sitawadanganya. Mashine tunazima saa kumi na mbili jioni. Jumapili hatufanyi kazi. Mkitaka kimya zaidi ya hicho, nendeni makaburini."

Mama Ndoano naye alitoa neno lake la mwisho. "Hakuna mtaa usio na kasoro," alisema. "Chagueni kasoro mnayoweza kuishi nayo. Vumbi linafagiwa. Bahari haifagiwi."

Tulihama zikiwa zimebaki siku nane.

Wiki ya kwanza Bibi alijifunza mtaa kama zamani alivyojifunza namba za simu. Alitembea nami, akaniuliza rangi ya kila mlango, akagusa kila nguzo. Baba alimwomba mwenye nyumba ruhusa, akapaka ukingo wa kila ngazi rangi ya njano kali, kwa sababu daktari alisema macho ya Bibi bado huona njano. Jirani mmoja akaomba zake zipakwe pia. Kisha zahanati. Kisha shule. Sasa wazee wa mtaa mzima hushuka ngazi bila kujikwaa, na Baba husema hiyo ndiyo kazi yake bora, ingawa ni mistari tu.

Mwezi uliofuata zilikuja mvua kubwa, pamoja na bamvu. Mtaa wa ufukweni ulijaa maji mpaka madirishani. Mama Ndoano alituletea habari. Watu walikuwa salama, alisema, lakini magodoro yalikuwa juu ya miti. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua brashi zake na kisu cha kukwangulia, akaenda kuwasaidia kusafisha kuta. Mwenye nyumba mmoja alimwomba apake mpaka kiunoni tu. Alikataa.

Asubuhi moja kabla sijarudi shuleni, Bibi alisema leo anakwenda kununua mkate peke yake. Hakutaka mtu. Alichukua fimbo na mfuko wake, akatoka.

Baba aliniita jikoni. "Mfuate," alininong'oneza. "Kwa mbali. Asijue."

Mambo ya kunyemelea watu mimi nimeyasomea. Nilishuka kwa ncha za vidole. Nilijibanza nyuma ya rundo la mbao. Bibi alikwenda polepole, mgongo umenyooka, fimbo ikigonga ukingo: ko, ko, ko. Alimsalimu seremala kwa jina lake la utani kabla seremala hajamsalimu. Alimpisha mtoto wa baiskeli ambaye mimi nilikuwa bado sijamwona. Mbele ya zahanati alisimama, akamwelekeza mgeni mmoja mwenye macho mazima kabisa mlango wa kuingilia.

Kwenye mikate palikuwa na foleni. Bibi alishika nafasi yake. Nami nilijificha nyuma ya kinyozi, nikijivunia ustadi wangu.

"Wewe uliye nyuma ya kinyozi," alisema Bibi bila kugeuka, "unapumua kama bata. Kama umekuja kunilinda, rudi nyumbani. Kama umekuja kununua mkate, shika foleni."

Nikashika foleni.